Dansi ya ukumbini

Dansi ni uchezaji wa muziki wa wawili wawili, mwanamume na mwanamke, ndani ya ukumbi na kwa mavazi nadhifu. Neno hilo limetoholewa kutoka Kiingereza. Katika Afrika Mashariki hutofautishwa na ngoma, ambayo kwa kawaida huchezwa uwanjani, na apitaye hutazama bure. Dansi ina mlango na kiingilio.

Historia

Walzi na foksitroti zililetwa na Waingereza, waliozicheza katika klabu zao. Mwafrika aliingia humo kama mtumishi tu. Kufikia miaka ya 1930 makarani, walimu na wengine waliosoma shule za misheni walikuwa na dansi zao wenyewe mijini. Dar es Salaam Jazz Band ilianzishwa mwaka 1932. Rumba ya Kuba ilifika kwa santuri, ikapendwa kuliko walzi.

Suti na tai hazikuwa majivuno matupu. Karani aliyeitwa "boi" kazini mchana, usiku ukumbini aliitwa bwana. Wazee wengi hata hivyo waliichukia dansi, kwa kuwa mwanamke alishikwa kiuno na asiye mumewe. Kumbi zenyewe zilikuwa na kazi nyingine pia: katika Ukumbi wa Arnautoglo, Dar es Salaam, Julius Nyerere alichaguliwa kuwa rais wa TAA mwaka 1953.

Baada ya uhuru ubishi uligeuka. Mwaka 1969 Umoja wa Vijana wa TANU uliendesha Operesheni Vijana dhidi ya sketi fupi na suruali za kubana, na mwezi Novemba muziki wa soul ukapigwa marufuku Dar es Salaam.

Iringa

Mji wa Iringa uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni hadi Agosti ni wa baridi kali. Ndio pia msimu wa harusi: Kwaresima imepita, mahindi yamevunwa, fedha zipo. Humo ndimo dansi ya wawili imebaki. Maharusi hufungua muziki peke yao, taratibu, kisha wazazi na wasimamizi huitwa kujiunga nao. Kadi ya mwaliko huwa ya mtu mmoja au ya wawili kulingana na mchango, kwa hiyo asiye na uwezo mara nyingi huishia ibadani. Bibi harusi huvumilia mabega wazi. Shangazi zake huja na mashuka mazito. Muziki ukichangamka wawili wawili huachana, watu wakapanga mistari ya kwaito.