Mboni

Sokoni Mahagi-Port, kando ya Ziwa Albert, mnunuzi mzoefu wa samaki haanzi na magamba. Huinua kichwa cha sangala akaitazama mboni: ikiwa nyeusi na inang'aa, samaki ni wa leo, ikiwa na ukungu, amelala.

Neno mboni lina mzizi mmoja na kitenzi cha kale cha Kibantu, -bona, yaani kuona. Katika kitenzi Kiswahili kimeidondosha ile b, lakini katika mboni imebaki. Jirani zetu wa Kilingala husema komona. Jina linanipendeza zaidi nikikumbuka kwamba mboni si kitu, ni tundu. Duara la rangi linaloizunguka lina misuli: juani huibana hadi milimita 2 hivi, gizani huiachia ifike hata 8 kwa kijana. Mwanga ukishapita humo, lenzi huukusanya juu ya retina, nayo hupeleka habari ubongoni.

Ukiona weupe ndani ya mboni ya mzee wako, mara nyingi huyo ni mtoto wa jicho: lenzi imeingia ukungu. Matone hayamwondoi. Mpeleke mzee hospitali, upasuaji humrudishia kuona.