Kuku wa Mganga: Rangi za Manyoya Pwani ya Mlingotini

Mganga wa pwani akiagiza kuku hutaja rangi kabla ya ukubwa. Mweupe ana kazi yake, mweusi yake, mwekundu yake.  Marja-Liisa Swantz, mtafiti wa Kifini aliyeishi na Wazaramo wa Bunju miaka ya 1960, aliandika juu ya nguvu ya rangi hizo tatu katika mila zao, na kitabu chake kikatoka mwaka 1970. Ukiondoka Bunju na kushika njia ya kaskazini hadi Mlingotini, kijiji cha wavuvi na wakulima wa mwani kabla ya kufika mji wa Bagamoyo, pwani ni ile ile. Sifa ya uganga tu ndiyo iliyoangukia zaidi Mlingotini.

Kuku mwenyewe ni mgeni. Babu yake ni kuku-mwitu mwekundu wa Asia ya Kusini-Mashariki, na mifupa ya kale zaidi inayokubalika kuwa ya kuku wa kufugwa ilifukuliwa Ban Non Wat, Thailand. Ni ya kati ya mwaka 1650 na 1250 KK. Huku kwetu mifupa yake imeonekana Unguja Ukuu katika tabaka za milenia ya kwanza BK, kabla msikiti wa Kaole, karibu na Bagamoyo, haujajengwa katika karne ya 13. Mwaka 2011 Joram Mwacharo na wenzake walichapisha uchunguzi wa vinasaba vinavyorithiwa kwa mama katika kuku wa Afrika Mashariki: kuku waliingia zaidi ya mara moja. Ukimtazama kuchi, jogoo mrefu wa kupigana, karibu na kishingo asiye na manyoya shingoni, hushangai.

Rangi ni habari ya ndani zaidi. Unyoya una rangi mbili za msingi: eumelanini, iliyo nyeusi au kahawia, na feomelanini, iliyo nyekundu au ya manjano. Mengine yote ni suala la wapi, kiasi gani na lini.

Hapo ndipo kuku mweupe anapomchezea mwenye kumtafuta. Weupe ni kukosa rangi, na kuku hukosa rangi kwa njia zaidi ya moja. Mmoja ana badiliko katika jeni ya PMEL17, linalozuia weusi hata akilirithi kwa mzazi mmoja tu. Mwingine ana hitilafu katika jeni ya TYR, nayo huonekana pale tu anapoipata kwa baba na mama. Kwa macho ni mapacha. Wapandishe, ukidhani umejihakikishia vifaranga weupe milele: ikiwa wa kwanza amelirithi badiliko lake pande zote mbili, watoto watatoka weupe, lakini kati ya wajukuu, takriban 3 katika kila 16 watakuwa na rangi. William Bateson wa Cambridge, aliyetangaza mwaka 1902 kwamba kanuni alizozipata Mendel kwenye njegere zinatawala kuku pia, angefurahi. Mteja wa mganga, sidhani.

Mistari ya kukatiza unyoya, nyeupe na nyeusi kwa zamu, ina hila nyingine. Seli za rangi hufanya kazi, huishiwa, kisha nyingine hushika nafasi huku unyoya ukirefuka. Jeni yake imo katika kromosomu Z. Jogoo anazo Z mbili, koo moja. Kwa hiyo koo mwenye mistari akipandwa na jogoo mweusi asiye nayo, mistari huwaendea wanawe wa kiume, na mitetea hubaki weusi. Jogoo aliyeirithi pande zote mbili huwa mweupe-mweupe kuliko dada zake. Wafugaji wa Ulaya na Marekani waliigeuza tabia hii kuwa njia ya kutambua jinsia ya vifaranga vya siku moja kwa doa la kichwani.

Nadhani soko la waganga limesaidia kuzihifadhi rangi hizi, kwa sababu mwenye kuku mweusi tii ana sababu ya kumwacha azae. Miradi ya kuboresha kuku ina mizani mingine. Ule wa ACGG, ulioanza mwaka 2014 Tanzania, Ethiopia na Nigeria, uliwajaribu vijijini Kuroiler wa India na Sasso wa Ufaransa, ukipima mayai na kilo. Jogoo wa namna hiyo asiye na jeni ya madoa akimpanda koo mwenye madoa kama ya kanga, madoa hupotea kizazi cha kwanza, maana nayo hudai kurithiwa pande zote mbili. Yanaweza kurudi kwa wajukuu, iwapo wazazi wao watanusurika na Idd.