Wanaopika kwa Jua Kibra

Neno Kibra ni la Kinubi, na maana yake ni msitu. Sema hivyo leo ukiwa umesimama Laini Saba na watu watakucheka. Msitu gani? Lakini ulikuwepo. Mwanzoni mwa karne iliyopita, wanajeshi wenye asili ya Sudan waliotumikia King's African Rifles walianza kuishi hapo na familia zao. Mwaka 1918 serikali ya kikoloni ikatangaza eka 4,197 kuwa hifadhi ya jeshi. Wanubi wakajenga, wakalima, wakafuga. Ila kwa sheria walikuwa wapangaji tu wa Serikali ya Mfalme, bila karatasi mkononi. Hati yao ya pamoja ilipotoka mwaka 2017, ilikuwa ya eka 288.

Mimi husoma hesabu hiyo kwa jicho la jani. Ukitoa 288 kwenye 4,197, unapata pia miti na mashamba yaliyogeuka mabati. Na bati, hata likiwaka jua kutwa nzima, halipiki chochote.

Nani basi anaweza kupika kwa jua? Shuleni tulikariri usanisinuru: maji, hewa ya kaboni, mwanga, halafu sukari na oksijeni. Tukaambiwa ni kazi ya mimea, basi. Kumbe orodha ni ndefu zaidi. Mti na nyasi zimo, na sukuma wiki pia. Mwani wa baharini umo. Wamo pia bakteria wadogo wanaoitwa sianobakteria, ambao ndio waliojaza maji ya Ziwa Bogoria rangi ya kijani. Heroe huwala hao, na waridi ya manyoya yao hutoka humo. Uyoga haumo, hata kama unaota kama mmea. Wewe na mimi hatumo. Sisi ni wa kula tu kilichopikwa na wengine.

Sianobakteria ndio wapishi wakongwe. Walianza kutoa oksijeni zaidi ya miaka bilioni mbili iliyopita, kabla ya jani lolote kuwepo. Kisha siku moja seli kubwa ikameza mmoja wao, na badala ya kumyeyusha ikamwacha aishi. Mgeni akalipa kodi kwa sukari, kizazi baada ya kizazi, hadi akawa sehemu ya nyumba. Leo tunamwita kloroplasti, na kila jani la kijani unaloliona limejaa wajukuu zake. Katika historia ya uhai, huyo ndiye mpangaji aliyefanikiwa kuliko wote. Hakuna landilodi anayeweza kumtoa bila kujiua mwenyewe.

Kusini mwa Kibra kuna bwawa, Nairobi Dam, lililojengwa mwaka 1953. Zamani watu waliendesha mashua za matanga pale. Kisha mitaa ikajaa bila mabomba ya majitaka, uchafu wetu ukateremka na mito, na uchafu huo ni mbolea. Gugumaji, mmea wa Amerika Kusini, likaja likafunika maji. Nalo pia linapika kwa jua, tena kwa bidii. Lakini likitanda juu, walio chini hawaoni mwanga, na likioza linamaliza oksijeni yote majini. Ukijani si lazima uwe afya. Inategemea nani amezibiwa jua.

Mwanzoni mwa 2008, wakati wa vurugu za baada ya uchaguzi, reli ya Kibra iling'olewa, barabara zikafungwa, na mboga zikawa adimu. Mwaka huohuo shirika la Kifaransa la Solidarités lilianza kusaidia wakazi kupanda mboga kwenye magunia. Unajaza udongo, unaweka mawe katikati ili maji yashuke hadi chini, unatoboa matundu pembeni, unachomeka miche. Gunia moja linabeba miche mingi, na linasimama mlangoni bila kuuliza shamba ni la nani.

Kawangware nako magunia yapo. Huko ni Dagoretti, ambako Lugard alijenga ngome mwaka 1890, kwa sababu misafara ya kwenda Uganda ilihitaji chakula na Wakikuyu wa hapo walikuwa nacho cha kuuza. Leo ukishuka matatu ya 46, unapita ghorofa mpya zilizobanana mahali palipokuwa na mabati ya chini. Wanawake wa ploti huhamisha magunia yao kufuata ule mwanga unaobaki katikati ya kuta, asubuhi upande huu, mchana upande ule.

Hatimiliki inaweza kungoja miaka mia moja, tumeona. Sukuma haiwezi. Inataka udongo, maji kidogo, na saa chache za jua kila siku, na hizo saa hazijaandikwa kwenye hati ya mtu yeyote.