Likizo Zanzibar: nilienda kuona bahari, nikakuta historia ya Kongo

Tangu nirudi, majirani wa hapa Mabanga wananiuliza jambo moja tu: bahari iko namna gani? Ni kubwa kushinda ziwa Kivu, na maji yake yana chumvi. Zanzibar ni kuzuri kweli, na watu wake wanapokea mgeni vizuri. Lakini mimi nimerudi na jambo lingine.

Siku ya kwanza, katika Mji Mkongwe, nilimsalimia mzee mmoja muuza kahawa: «Jambo, papa.» Akacheka sana. Kwao papa ni yule samaki mkubwa mwenye meno makali!

«Hapa tunasema shikamoo, mwanangu. Hicho Kiswahili umekitoa wapi?»

Nikamjibu: «Ni cha kwetu Goma, Kongo.»

«Basi kimetoka huku. Nenda Shangani, kaone nyumba ya Tippu Tip.»

Nilienda. Ni nyumba ya ghorofa yenye mlango wa mbao uliochongwa, na familia za watu zinaishi ndani. Shuleni tulisoma jina hilo kwa mistari miwili tu. Hamed bin Muhammed, aliyeitwa Tippu Tip, alifanya biashara ya pembe za tembo na watumwa. Katika miaka ya 1870 aliweka makao yake Kasongo, Maniema. Mwaka 1887 mfalme Léopold II wa Ubelgiji alimfanya gavana wa Stanley Falls, ambayo leo ni Kisangani. Kati ya 1892 na 1894 jeshi la Léopold lilipiga vita na wafanyabiashara hao na kuwashinda. Yeye alikuwa amekwisha kurudi Zanzibar, na huko alifariki mwaka 1905. Utawala wao uliisha, lugha ikabaki. Leo Kiswahili ni moja kati ya lugha nne za taifa letu.

Kisha nilifika Mkunazini, palipokuwa soko la watumwa. Lilifungwa mwaka 1873, sultani Barghash alipokubali mkataba na Waingereza, na kanisa la Anglikana likajengwa papo hapo. Nje kuna shimo lenye sanamu za watu waliofungwa minyororo shingoni. Watumwa wengi walitoka upande wa ziwa Nyasa, lakini wengine walitoka mbali zaidi, hata Maniema. Watalii walikuwa wanapiga picha. Mimi nilitoa simu, nikairudisha mfukoni.

Sisi wa Goma tunachekwa mara nyingi kwamba Kiswahili chetu ni kibovu, na wengine wetu tunaona haya. Lakini lugha hii haikutufikia kwa vitabu. Ilikuja kwa miguu, pamoja na wapagazi waliobeba pembe mabegani na watu waliofungwa kamba. Babu zetu waliichukua katika mateso hayo, wakaifanya yao, na leo ndiyo tunayotumia sokoni, kanisani na kwenye redio. Hakuna sababu ya kuona haya.

Ukipata nafasi ya kufika Zanzibar, oga baharini, kula pweza pale Forodhani jioni. Lakini usirudi bila kupita Mkunazini. Na ukikutana na mzee, sema shikamoo.