Mjamzito, huna dalili za UTI? Bado pima mkojo

Mjamzito wa Mlalo, Mtae au Bumbuli anaweza kuwa na bakteria wengi kwenye mkojo na asihisi chochote. Hakuna kuungua, hakuna homa. Hii ndiyo UTI isiyo na dalili.

Iko Tanzania?
Ndiyo. Utafiti wa Hospitali ya Bugando, Mwanza, uliochapishwa mwaka 2009, uliikuta kwa takriban asilimia 13 ya wajawazito wasio na dalili waliopimwa. Bakteria anayeongoza ni E. coli, anayeishi kwenye utumbo.

Kwa nini ujauzito?
Homoni hulegeza mirija ya mkojo, na mfuko wa uzazi unaokua huibana. Mkojo hutuama, bakteria huzaliana na wanaweza kupanda hadi kwenye figo. Maambukizi ya figo huweza kusababisha uchungu kabla ya wakati.

Kwenye milima ya Usambara, mama anayepandisha mzigo wa mboga au kuni ni rahisi kudhani mgongo unauma kwa sababu ya kazi. Akija kuzidiwa usiku, barabara ya kushuka hospitali ni ndefu.

Kipimo kipi?
Mwongozo wa WHO wa mwaka 2016 unapendekeza kuotesha mkojo maabara. Pasipo na huduma hiyo, mkojo hupakwa rangi ya Gram na kuangaliwa kwa darubini. Kijiti cha kuchovya hutoa majibu ndani ya dakika chache, ila kinaweza kukosa bakteria waliopo.

Mkojo unachukuliwaje?
Nawa kwanza. Acha mkojo wa mwanzo upite, kinga wa katikati kwenye kikopo safi ulichopewa, kisha ukabidhi mapema.

Ukikutwa nayo?
WHO inapendekeza antibiotiki kwa siku 7. Maliza dozi hata kama unajisikia mzima. Usikimbilie duka la dawa bila kupima: baadhi ya dawa si salama kwa mimba, na dozi za kubahatisha hujenga usugu.

Lini?
Anza kliniki kabla ya wiki ya 12, na uulize: "Mkojo wangu umepimwa bakteria?"

Homa, kutetemeka kwa baridi, kutapika au maumivu ya ubavuni? Nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Usisubiri tarehe ya kliniki.