Saketi ya taa

Saketi ya taa ni njia ya umeme inayolisha taa za nyumba, mbali na ile ya soketi. Katika ufungaji wa asili ya Uingereza, ulioenea pia Kenya, Uganda na Tanzania, waya wake kwa kawaida ni wa milimita za mraba 1.5.

Njia iliyozoeleka hupitisha umeme kutoka siling rozi moja, yaani kifaa cha darini kinachoshikilia taa, hadi nyingine. Kila rozi hushusha waya wa moto (wenye umeme) kwenye swichi na kuupokea ukirudi. Hapa pana hatari: waya unaorudi mara nyingi ni mweusi au wa buluu, rangi ya nyutro (waya wa kurudisha umeme), lakini swichi ikiwashwa unabeba umeme. Lazima utiwe alama. Njia nyingine huunganisha waya ndani ya kisanduku cha maungio juu ya dari, au kwenye boksi la swichi. Hii ya mwisho ni bora kwa taa za LED zisizo na nafasi ya maungio, na huacha nyutro karibu na swichi.

Kwa njia yoyote, skrubu zinazobana waya kwenye maungio huweza kulegea kadiri muda unavyopita. Ungio lililolegea hupata joto na laweza kuwasha moto. Ndiyo maana kanuni za Uingereza, BS 7671, hutaka maungio ya skrubu yafikike kwa ukaguzi na matengenezo. Yaliyochomelewa au kubanwa kwa zana maalumu yameruhusiwa kufichwa. Kuzika maungio ya skrubu ndani ya plasta ni kosa, hata kama taa inawaka.