Usingizi wa Piriton na Deni Wanalolipa Wazee

Mapema mwaka 2025 madaktari wa Marekani walichapisha makala wakisema wakati wa kuiaga diphenhydramine umefika. Ni dawa ya mzio inayojulikana zaidi kwa jina la Benadryl, na hofu yao kubwa ilikuwa kwa wazee na watoto. Huku kwetu ndugu yake ni Piriton, yaani chlorpheniramine, inayouzwa vidonge vichache kwa mtu yeyote anayepiga chafya, na ni nadra muuzaji kumuuliza umri wake.

Dawa hizi zilianzia Paris mwaka 1937, Daniel Bovet na Anne-Marie Staub wa Taasisi ya Pasteur walipopata kemikali ya kwanza ya kuizuia histamini, kemikali ya mwili inayochochea mzio. Mwaka 1943 George Rieveschl wa Cincinnati akapata diphenhydramine, na 1946 ikaingia sokoni.

Kwamba zinaleta usingizi kulijulikana tangu mwanzo, na wapo walioufurahia. Henri Laborit, daktari mpasuaji wa jeshi la majini la Ufaransa, akiwa Bizerte nchini Tunisia, aliwapa wagonjwa wake promethazine, dawa ya mzio ya kampuni ya Rhône-Poulenc. Akaona wametulia, hawana wahaka, na mofini wanahitaji kidogo tu. Akawaomba wenye kampuni wamtafutie kemikali inayougusa ubongo zaidi. Desemba 1950 mkemia wao Paul Charpentier akatengeneza chlorpromazine, na Laborit akawahimiza madaktari wa akili waijaribu. Mwaka 1952 Jean Delay na Pierre Deniker, wa hospitali ya Sainte-Anne, wakaitumia na kupata sifa. Hapo ugomvi ukaanza: nani mwenye dawa? Tuzo ya Lasker ya 1957 ilipowaendea Laborit na Deniker, Delay akaachwa nje, na kinyongo kikabaki. Wakubwa waligombania sifa za dawa inayotuliza ubongo, huku dada zake wakiendelea kuuzwa kama dawa za mafua tu.

Na ubongo ndio penye tatizo. Dawa hizi za mzio hupenya humo kwa urahisi, kisha huzuia pia asetilikolini, kemikali inayosaidia kumbukumbu, choo na mkojo. Kijana ataamka na uzito wa kichwa na kinywa kikavu. Babu mwenye tezi dume iliyovimba anaweza kushindwa kabisa kukojoa. Bibi aliyemeza kidonge kwa ajili ya kikohozi anaamka usiku kwenda chooni, miguu haijakaa sawa, anaanguka na kuvunjika nyonga. Figo na ini la mzee huiondoa dawa polepole, kwa hiyo ya jana inakutana na ya leo.

Mwaka 1991 daktari Mark Beers na wenzake walitoa orodha ya dawa zisizowafaa wazee wa nyumba za kulelea. Matoleo ya baadaye yalizitaja hizi kwa majina, na lile la 2023 bado linazitaja. Utafiti wa Seattle wa 2015, wa watu 3,434 wenye miaka 65 na zaidi, ulikuta demensia ni nyingi zaidi kwa waliotumia sana dawa zinazozuia asetilikolini, ingawa haukuthibitisha kwamba dawa ndizo zilizosababisha.

Loratadine na cetirizine, dawa za mzio zisizolevya kiasi hicho, zimekuwapo kwa miongo kadhaa. Mara nyingi zipo kwenye kabati lile lile la muuzaji, lakini mkono wake unaendelea kuifuata Piriton kwa mazoea.